Ganzi ya miguu: ni mshipa upi unaounyoosha?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 54, niko Tanga. Nina kisukari, huu mwaka wa saba, natumia metformini asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana nyayo zote mbili zina ganzi. Ilianzia vidoleni, sasa imefika katikati ya unyayo, na usiku zinawaka moto hadi natoa miguu nje ya shuka. Hilo nimeshalizoea. Lakini miezi mitatu hii mguu wa kulia peke yake umeongeza jambo jingine: ganzi upande wa nje wa muundi, inashuka hadi juu ya mguu karibu na dole gumba. Kazi yangu ni kupika vitumbua na chapati, nakaa kwenye kigoda tangu saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Mwanangu alinionyesha video ya kunyoosha mishipa: unalala chali, unapitisha kanga kwenye unyayo, unavuta mguu ulionyooka kwenda juu na vidole unavivuta vije kwako. Navuta mpaka naumia, nahesabu hadi sitini, ili mishipa ifunguke. Nikimaliza mguu unachangamka kidogo, halafu ganzi inarudi na kukaa kutwa nzima. Jirani anasema nikande kwanza kwa maji ya moto yenye chumvi ndipo ninyooshe. Niongeze mazoezi au niache? Na ganzi hii itaisha?"

Pole sana mama, na ahsante kwa kueleza kwa utaratibu namna hii. Maelezo yako yanaonyesha ganzi mbili ndani ya mwili mmoja, na kila moja ina chanzo chake. Ya nyayo haiondoki kwa kunyoosha, hata ukinyoosha mchana kutwa. Ya muundi wa kulia inaweza kusaidiwa na mwendo, ila si mwendo huo unaoufanya. Kanga iweke pembeni kuanzia leo. Maji ya moto yaache kabisa, na sababu nitaieleza.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Katika mazungumzo yetu, mshipa ni kila kitu kirefu chembamba kilicho chini ya ngozi. Damu inapita kwenye mshipa, fahamu zinapita kwenye mshipa, na hata ile kamba ngumu iliyo juu ya kisigino watu wanaiita mshipa. Hivyo ni vitu vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Kamba ile ni kano. Kano na misuli vinapenda kunyooshwa: ukivivuta taratibu kwa sekunde 30 vinalegea na kiungo kinapata nafasi. Mshipa wa damu haufunguki kwa kuvutwa. Damu ya miguu inasukumwa vizuri pale misuli ya shavu la mguu inapofanya kazi, yaani unapotembea. Wa tatu, mshipa wa fahamu au neva, haupendi kuvutwa na kushikiliwa. Unapenda kuteleza.

Neva ni kitu hai. Ina vijimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha njia nzima, na ukiivuta, navyo vinavutika na kubanwa. Katika majaribio ya wanyama, neva iliyorefushwa kwa takriban 8% ilianza kupungukiwa na damu, na ilipofika 15% damu ilikatika. Neva yenye njaa ya damu haipeleki habari, na kwako habari isiyofika ndiyo ganzi.

Sasa tazama unachokifanya na ile kanga. Neva kubwa ya mguu inatoka kwenye pingili za kiuno, inapita ndani ya makalio, inashuka nyuma ya paja, na kabla ya goti inagawanyika mara mbili. Tawi moja linapita katikati ya shavu la mguu hadi kwenye unyayo. La pili linazunguka nje, chini kidogo ya goti, kisha linashuka upande wa nje wa muundi hadi juu ya mguu. Ukilala chali ukainua mguu umenyooka, nyonga inaivuta neva hiyo kutoka juu. Goti lililonyooka linaivuta katikati. Vidole unavyovivuta vinaimalizia kutoka chini. Unaishikilia hivyo dakika nzima, tena mpaka maumivu. Hapo hujanyoosha msuli peke yake, umeikaza neva yote, na ganzi inayobaki kutwa ni malalamiko yake. Video hiyo si ya uongo. Imetengenezwa kwa mtu mwenye misuli ya nyuma ya paja iliyokakamaa na neva zenye afya, na wewe si mtu huyo.

Kuna jambo moja zaidi la hatari kwa mwenye kisukari. Kipimo cha "mpaka niumie" kinamfaa mtu ambaye miguu yake inasema ukweli. Yako imeanza kunyamaza. Kwa hiyo mazoezi yako yaongozwe na saa na macho, kamwe yasiongozwe na uchungu.

Nianze na ganzi ya nyayo, kwa sababu ndiyo ya muda mrefu na ndiyo watu wanaizoea. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu neva zenyewe pamoja na vile vijimishipa vinavyozilisha. Zinazoumia mwanzo ni ndefu kuliko zote, zile zinazosafiri karibu mita moja kutoka kiunoni hadi ncha za vidole. Ndiyo maana inaanzia vidoleni, inakuja miguu yote miwili kwa pamoja, na inapanda polepole kama mtu anayevaa soksi. Hakuna mahali palipobanwa ambapo tungepafungua kwa mazoezi. Anayekuahidi kwamba kunyoosha kutarudisha fahamu za nyayo anakupotezea muda ambao ungeutumia kuishusha sukari.

Hata hivyo usiseme ni kisukari tu ukafunga mjadala. Metformini ikitumiwa miaka mingi inapunguza ufyonzaji wa vitamini B12, na upungufu wa B12 unaleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari. Tofauti ni kwamba hii ina dawa ya kuirekebisha. Mwambie daktari wa kliniki ya kisukari kwamba una miaka saba kwenye dawa hiyo na una ganzi, na uulize kuhusu kupimwa B12. Usiache metformini kwa uamuzi wako. Na tafadhali usijinunulie sindano za mchanganyiko wa vitamini B duka la dawa mwezi baada ya mwezi: nyingi zina B6 kwa wingi, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva. Mwambie pia kama uliwahi kutumia dawa za kifua kikuu au za kukikinga, kwa kuwa isoniazidi huleta ganzi isipoambatana na B6 kwa kiasi kidogo. Kama unakunywa pombe, sema. Na ujikague mwilini kama kuna baka lililopauka ambalo ukiligusa hulihisi, kwa sababu ukoma bado upo Tanzania, na dawa zake ni bure.

Ule moto wa usiku una dawa zake, kama amitriptilini kwa dozi ndogo wakati wa kulala, au gabapentini. Zinatuliza moto, hazirudishi fahamu, na daktari lazima ajue hali ya moyo na macho yako kabla ya kukuandikia. Lakini usikubali kukosa usingizi mwaka mzima kwa kudhani hakuna kinachoweza kufanyika.

Tuje kwenye muundi wa kulia. Ganzi ya upande mmoja, yenye mpaka unaoweza kuuchora kwa kidole, mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mahali neva inabanwa. Papasa chini kidogo ya goti lako, upande wa nje kabisa: utakuta kichwa cha mfupa kama gololi. Lile tawi la pili linazunguka hapo, juu ya mfupa, chini ya ngozi, bila nyama ya kulikinga. Kukaa kigodani kwa muda wa saa tano goti likiwa limekunjwa kupita kiasi, au goti likiegemea ukingo wa meza au karai, kunaliminya hapohapo. Kukunja mguu mmoja juu ya mwingine kunafanya vivyo hivyo. Na neva iliyokwisha kudhoofishwa na sukari huumia kwa mbano mdogo ambao jirani yako asingeuhisi.

Sehemu ya pili inayoweza kuleta ganzi ileile ni kiunoni, pale diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ikiibana neva inapotoka kwenye uti wa mgongo. Kwa kawaida hiyo inakuja na maumivu ya kiuno au ya tako yanayoshuka mguuni, na yanaongezeka ukikohoa au ukipiga chafya. Hukutaja kiuno, hivyo naliegemea goti zaidi, ila bila kukushika siwezi kuapa.

Fanya jaribio hili ukiwa karibu na ukuta wa kushika. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vyote vimeinuliwa. Kisha tembea hatua kumi kwa ncha za vidole. Kama mguu wa kulia unashindwa kuinua vidole, au unasikia unyayo unapiga sakafu "paa" unapotembea, hiyo si ganzi tena, ni udhaifu, na unahitaji kuonwa wiki hii hii. Usianze zoezi lolote kabla ya hapo. Kama unaweza vizuri, endelea kusoma.

Dawa ya kwanza ni kigoda. Hakuna zoezi la dakika kumi linaloshinda saa tano za kubanwa. Tafuta kiti cha urefu wa goti, takriban sentimita 45, na jiko liinue juu ya matofali au meza ya chuma ili usilazimike kuinama. Kila baada ya dakika 20 simama, tembea hatua kama thelathini, rudi. Ukipenda, tumia kuumuka kwa unga kama saa yako. Epuka soksi zenye mpira unaokaza chini ya goti. Nilitazame pia jiko lenyewe: miguu yenye ganzi kando ya mkaa inaungua bila mwenyewe kujua, kaa dogo likidondoka kwenye kandambili utaliona kwa harufu. Vaa viatu vilivyofunika vidole ukiwa jikoni.

Dawa ya pili ni kuitelezesha neva. Kaa kwenye kiti kirefu, mapaja yote yameegemea kiti, mikono nyuma ya mgongo, mabega yamelegea. Nyoosha goti la kulia polepole huku ukiinua kichwa kutazama dari. Kisha kunja goti kulirudisha chini huku ukiinamisha kidevu kifuani. Sekunde mbili kwenda, sekunde mbili kurudi, bila kushikilia popote. Wiki ya kwanza acha vidole vilegee. Ya pili, ukiona hali ni shwari, inua vidole kila goti linaponyooka. Mara kumi, asubuhi na jioni, miguu yote miwili.

Kichwa kinahusikaje na mguu? Neva za miguu zimeungana na uti wa mgongo, na uti wa mgongo unavutika unapoinama. Ukiinua kichwa unailegeza kamba kutoka juu wakati mguu unaivuta kutoka chini, kwa hiyo neva inasogea kwenye njia yake bila kukazwa. Ukikosea ukainamisha kichwa na kunyoosha goti kwa pamoja, utakuwa umerudi kwenye kosa la kanga. Watu wengi wanakosea hapa, basi fanya mbele ya kioo au mwanao akuangalie siku mbili za mwanzo. Jambo hilo pia linatumika kama kipimo: ukiwa umenyoosha goti ukasikia kama sisimizi wanatembea mguuni, halafu ukiinua kichwa tu wanapungua, basi kinacholalamika ni neva, kwa sababu kichwa hakina msuli hata mmoja uliofungwa kwenye shavu la mguu.

Sisimizi wakija wakati wa zoezi na kutoweka ndani ya dakika chache, hapana shida. Wakibaki zaidi ya dakika kumi, kesho fanya nusu ya mwendo na mara tano tu. Wakiongezeka siku tatu mfululizo, acha.

Kunyoosha kwenyewe sikukatazi. Kuna msuli mmoja nakusihi uunyooshe, tena kwa ajili ya nyayo zako: shavu la mguu. Kwa wenye kisukari kano ya kisigino huwa ngumu, kifundo kinashindwa kukunjika vizuri, na unapotembea uzito wote unaangukia sehemu ya mbele ya unyayo. Hapo ndipo vidonda vinapoanzia. Vaa viatu, simama mbele ya ukuta, viganja ukutani. Mguu mmoja mbele umekunjwa goti, mwingine nyuma umenyooka, kisigino kimegusa chini na vidole vinatazama mbele. Egemea mpaka uhisi shavu la mguu linavutwa, sekunde 30, mara tatu kila mguu. Rudia ukiwa umekunja kidogo goti la nyuma, ili msuli wa ndani nao ufikiwe. Usidundedunde. Kisigino kikinyanyuka, sogeza mguu mbele kidogo. Kama ukiegemea unahisi sisimizi kwenye unyayo badala ya mvuto kwenye shavu, punguza.

Ile kanga inaweza kurudi baada ya wiki sita, muundi ukiwa umetulia, kwa masharti: ipite nyuma ya paja na isipite kwenye unyayo, goti liwe limekunjwa kidogo, vidole vilegee, sekunde 20.

Tembea. Dakika 30, siku tano za wiki, kwa viatu vilivyofungwa vizuri. Inashusha sukari, inasukuma damu, na kuna tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba kutembea na kuimarisha misuli kunaweza kusaidia nyuzi ndogo za neva kwenye ngozi, jambo ambalo kunyoosha peke yake hakujaonyesha. Ongeza kusimama kwa mguu mmoja sekunde kumi ukishika meza, mara tano kila upande, maana ganzi inaiba mizani na kuanguka kunakuja usiku gizani.

Sasa maji ya moto. Chumvi haifiki kwenye neva; inakausha ngozi, na ngozi kavu inapasuka. Joto ndilo baya zaidi: unyayo wako hauwezi kukuambia maji yamezidi, na watu hupata malengelenge kisha kidonda kisichopona. Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko cha mkono, usiloweke, kausha hadi katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Kagua nyayo kila jioni kwa kioo. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Je, itaisha? Ya muundi, kama neva imebanwa tu na haijakatika ndani, huanza kuachia ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu baada ya kuondoa mbano. Kama nyuzi zake zimekufa, zinaota upya kwa takriban milimita moja kwa siku, na kutoka goti hadi dole gumba ni zaidi ya mwaka mzima. Kwa mwenye kisukari hata hiyo inaweza kuchelewa. Ya nyayo, matarajio ya kweli ni kuizuia isipande. B12 ikiwa ndiyo chanzo, au sehemu ya chanzo, kuna nafasi ya kupata nafuu, na nafasi hiyo ni kubwa zaidi ukiwahi. Kuhusu sukari, uliza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa watu wengi lengo ni chini ya 7%, na daktari wako ndiye atakayesema lako.

Ziko hali ambazo hazingoji. Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, au miguu yote kulegea ghafla: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili na mdomo kupinda, au mguu kuwa baridi na kupauka huku ukiuma. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwenda juu ndani ya siku chache nao ni dharura. Na kwa mwenye kisukari, mguu ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, usiunyooshe, usiukanyagie, nenda siku hiyo. Mifupa ya ndani inaweza kuwa inavunjika bila wewe kuhisi. Kidonda chochote cha unyayo hakisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Hata bila dharura, nenda uonwe. Omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwenu ni Bombo. Akugonge taratibu pale chini ya goti, apime nguvu za kuinua vidole na kiuno chako, aguse nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni unaobonyeza kwa nguvu ya gramu 10 ili kupima kama unahisi, na atafute mapigo ya damu juu ya mguu. Muundi usipopata nafuu yoyote baada ya wiki sita za kiti kirefu na mazoezi haya, rudi kwake.

Wakati unasubiri miadi, mwambie mwanao akufanyie kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichotumia kifaa chochote. Fumba macho. Akuguse kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya dole gumba, kidole cha kati na kidole kidogo cha kila mguu, bila kubonyeza wala kutomasa, na wewe useme kulia au kushoto kila unapohisi. Ni miguso sita. Ukikosa miwili au zaidi, miguu yako iko kwenye hatari ya vidonda. Andika tarehe na idadi kwenye daftari la kliniki, umwonyeshe daktari siku ya miadi.